Saplimenti, usingizi na mwili wako: panga hivi kabla hujatoa pesa

Ukitaka kitambi kishuke na misuli ibaki, anza kupanga masaa unayolala, poda na vidonge vije baadaye. Nasema hivi manake kwa majimu mengi hapa Mombasa, kuanzia Likoni mpaka Bamburi, mtu anaweza kukutajia asidi amino zote, yaani vile vipande vinavyojenga protini, kwa majina na bei ya kila mkebe, lakini ukimuuliza jana umelala saa ngapi anakwambia saa saba, na saa kumi na moja alfajiri keshaamka anakimbilia feri. Huyo hata umpe saplimenti ya bei gani haitamsaidia kitu cha maana.

Kuna jaribio moja la Chuo Kikuu cha Chicago lililotoka 2010 ambalo kila anayefanya diet angelijua. Walichukua watu 10 wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia chakula kwa kiasi kile kile, siku 14 wakapangiwa kukaa kitandani masaa 8 na nusu, na siku 14 nyingine watu hao hao wakapangiwa masaa 5 na nusu. Mzani ulionyesha kitu kimoja mara zote mbili, kama kilo 3 zimetoka. Lakini walipopima mwili ndani, wakati wa kulala vizuri mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 1.4, na wakati wa kulala kidogo yalitoka kilo 0.6 tu, hizo nyingine zote zilitoka kwenye misuli na sehemu zisizo mafuta. Hebu soma tena hapo. Njaa ni ile ile, kilo ni zile zile, lakini aliyenyimwa usingizi amepoteza nyama akabaki na mafuta, ndo yule unamwona amekonda mikono na mashavu lakini tumbo liko pale pale.

Na si hilo tu. 2011 vijana wa kiume 10 walipangiwa kulala masaa 5 tu kila usiku kwa wiki moja, testosteroni yao ya mchana, ile homoni ya kiume inayosaidia kujenga misuli, ikashuka asilimia 10 mpaka 15. Halafu 2022 watu wazima waliokuwa wanalala chini ya masaa 6 na nusu waliposaidiwa kuongeza usingizi kama saa moja na kitu, chakula chao kilipungua kama kalori 270 kwa siku bila mtu kuwaambia wapunguze kula, hiyo ni karibu chapati moja nzima ya kusukuma. Kwa hivyo saplimenti yoyote inayokuharibia usingizi inakuharibia na mwili, hata kama mkebe umeandikwa ni ya kuchoma mafuta. Mimi hiki ndo kipimo natumia kwa kila kitu kilichoko hapa chini.

Toa kwanza kinachokula usingizi

Shika ule mkebe wa poda ya kunywa kabla ya mazoezi, ugeuze nyuma, utafute kile kijedwali cha maandishi madogo. Mstari wa juu unakwambia skupu moja ni gramu ngapi. Shuka chini utafute kafeini, nyingi zina miligramu 150 mpaka 300 kwa skupu moja, na kuna watu wanatia skupu mbili. Sasa piga hesabu: kafeini mwilini inapungua nusu kwa kama masaa matano, kwa wengine zaidi. Wengi wetu tunaenda jimu jioni jua likishapoa, ukinywa miligramu 200 saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku unapanda kitandani bado una miligramu 100 mwilini. Kuna utafiti wa 2013 waliwapa watu miligramu 400 masaa sita kabla ya kulala, usingizi ukapungua zaidi ya saa moja. Kwa hivyo anayefanya zoezi jioni asinywe hii poda kabisa, anayefanya alfajiri ruksa. Na ukikuta jedwali halina namba ya kafeini, limeandika tu jina la mchanganyiko na uzito wa jumla, rudisha mkebe dukani, manake huwezi kujua unachokinywa.

Ule mwasho unaoskia usoni na kwenye vidole, ambao watu wanasema ndo poda inafanya kazi, ni beta-alanini, asidi amino moja inayowasha neva za ngozi. Haidhuru, lakini pia haimaanishi umepata nguvu, faida yake inakuja ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa na ni ndogo.

Kahawa tungu nayo ni kafeini, hata kama kikombe ni kidogo. Sikwambii uache baraza, baraza ni watu, lakini baada ya alasiri agiza maji ya tangawizi ama maziwa, ukae na wenzio vile vile. Muguka na miraa ndo tatizo kubwa zaidi na watu hawataki kulisema wazi. Ndani yake kuna kathinoni, ambayo ni ya familia moja na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha, inaondoa usingizi na inaondoa njaa kwa pamoja. Mtu anatafuna mpaka saa nane usiku, hali chakula cha usiku, baada ya mwezi anafurahi nguo zimekuwa kubwa. Rudi kwa lile jaribio la Chicago: kilo zinazotoka hivyo nyingi ni nyama. Mambo ya 2024, kaunti kupiga marufuku muguka na kesi kwenda kortini, hayo waachie wenyewe, lakini kama umelipa jimu na unatafuna kila usiku basi chagua moja.

Halafu joto. Mwili ili ulale lazima joto lake la ndani lishuke kidogo, na hapa kwetu mwezi wa Machi usiku hata shuka haikaliki. Oga maji ya vuguvugu kama saa moja ama mbili kabla ya kulala, si ya baridi sana, manake vuguvugu inaleta damu kwenye ngozi na joto linatoka. Feni ielekeze miguuni na kifuani, si kwenye ukuta. Kama una neti nzito ya kitambaa tafuta ile nyepesi ya matundu makubwa kiasi ipitishe hewa. Mambo haya hayauzwi kwa mkebe ndo maana hayatangazwi.

Asidi amino za usiku

Nikiambiwa nichague asidi amino moja ya usingizi nitachagua glisini. Ni rahisi, ni tamu kama sukari, na tafiti zilizofanywa Japani zilitumia gramu 3 kabla ya kulala, watu wasiolala vizuri wakasema wameamka na uchovu mdogo. Inasaidia mishipa ya damu ya karibu na ngozi ifunguke na joto la ndani lishuke, ndo maana kwa mtu wa Pwani naiona ina maana. Lakini lazima niseme ukweli, tafiti zake ni ndogo, za watu wachache, kwa hivyo usitarajie miujiza. Ukitaka kuijaribu, pima gramu 3 kwa mzani mdogo, ni chini kidogo ya kijiko cha chai, tia kwenye maji, kunywa kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya kulala. Anayetumia dawa ya klozapini asiiguse bila kuuliza daktari wake. Na kabla ya kununua kumbuka supu ya makongoro, ile inayoganda ikipoa, ule mgando ni kolajeni, aina ya protini, na kwa kila asidi amino tatu za kolajeni moja ni glisini.

Triptofani ndo ile watu wanaisema sana, na ni kweli mwili unaitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo, na baadaye melatonini, homoni ya usingizi. Shida yake ni njia ya kuingia kwenye ubongo, inagombania mlango mmoja na asidi amino nyingine kubwa, kwa hivyo ukila sahani ya nyama tupu triptofani inaongezeka lakini washindani wake wanaongezeka zaidi. Wanga ndo unasaidia, ukila wali insulini inapanda, zile nyingine zinaingizwa kwenye misuli, triptofani inapata nafasi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa wanaume 12 wali wa jasmini masaa manne kabla ya kulala, wakapata usingizi kwa dakika 9, na wali wa aina inayosagika polepole ilikuwa dakika 17 na nusu. Kwa hivyo yule anayekataza wali usiku kabisa halafu anahangaika kitandani, rudisha sahani ndogo ya wali na samaki saa moja jioni, punguza mchana. Ukila saa nne usiku tumbo limejaa ni mambo mengine, hapo kiungulia kitakuamsha.

Vidonge vya triptofani mimi sivipendekezi. 1989 huko Marekani kulizuka ugonjwa wa damu na misuli kwa watu waliokuwa wanavitumia, zaidi ya watu 1,500 wakaugua na zaidi ya 30 wakafa, ikaonekana vilivyohusika vilikuwa na uchafu kutoka kiwandani. Zaidi ya hapo, yeyote anayetumia dawa za mfadhaiko asichanganye na triptofani wala 5-HTP, ile ambayo mwili unaitoa kwa triptofani na pia inauzwa kwa vidonge, manake serotonini ikizidi mtu anatetemeka, moyo unaenda mbio, na anaweza kufa.

Magnesiamu ni madini, si asidi amino, lakini inauzwa pamoja nazo. Kama chakula chako kina mchicha, ndengu, maharagwe, korosho na mbegu za maboga huenda unayo ya kutosha. Ukinunua, kiwango cha Marekani kwa mtu mzima ni isizidi miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye saplimenti, ile ya oksaidi ni rahisi kwa bei lakini hainyonywi vizuri na inaharisha, ya glisineti ni laini kwa tumbo. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze. Na ukiwa unatumia antibaiotiki kama doksisaiklini usizimeze wakati mmoja na magnesiamu, dawa haitaingia damuni sawasawa.

Melatonini ni homoni, inasaidia zaidi kusogeza saa ya mwili kuliko kukulaza kwa nguvu. Anayefanya shifti bandarini Kilindini, wiki hii usiku wiki ijayo mchana, inaweza kumfaa, miligramu 0.5 ama 1 inatosha kuanzia, kumeza 10 hakufanyi usingizi uwe mara kumi. Lakini angalia unachonunua: 2023 huko Marekani walipima aina 25 za pipi za melatonini, 22 hazikulingana na lebo, kuna iliyokuwa na zaidi ya mara tatu ya kilichoandikwa na moja haikuwa na melatonini hata kidogo. Kama huko hali ni hiyo, mkebe uliokuja kwa mzigo bila risiti wala stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, mimi siwezi kukushauri uuweke mdomoni.

Ashwagandha, ule mmea wa Kihindi unaouzwa kwa ajili ya usingizi na msongo wa mawazo, ruka. Kuna watu ini limeumia, na Denmark waliipiga marufuku 2023.

Protini na kreatini

Hapa ndo kuna kazi ya kweli ya kujenga mwili, na nyingi inafanyika jikoni. Anayenyanyua vyuma anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, juu ya hapo faida inakuwa ndogo sana. Mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Angalia siku ya kawaida ya hapa kwetu: asubuhi mayai 3 gramu 18, mbaazi za nazi kikombe kimoja na hamri, mbaazi zinakupa kama 11. Mchana samaki, changu ama jodari, nyama tupu gramu 150, hiyo kama 35. Usiku ndengu kikombe 14. Maziwa glasi mbili 16. Umeshafika 94, na hujanunua kitu chochote chenye picha ya mtu mwenye misuli. Zile 18 zilizobaki ongeza yai, ongeza samaki, ama hapo ndo skupu moja ya poda inapata kazi, na ni skupu moja si tatu. Dagaa wakavu pia msiwadharau, ni chakula chenye protini nyingi kwa bei ya chini na soko la Kongowea wamejaa.

Ukinunua poda, soma viungo. Skupu ya gramu 30 inatakiwa ikupe protini kama gramu 22 mpaka 25. Ukiona kwenye orodha wameongeza glisini ama taurini, jiulize kwa nini, manake protini inapimwa kwa naitrojeni na hizo asidi amino za bei rahisi zina naitrojeni, kwa hivyo namba ya mbele inapanda bila protini ya kweli kupanda. Mikebe ya kuongeza uzito nyingi ni unga wa sukari na protini kidogo, kama shida yako ni wembamba basi uji wa maziwa na njugu na ndizi utakufikisha kwa pesa kidogo zaidi.

BCAA acha. Ni asidi amino tatu, liusini, isoliusini na valini, na misuli inahitaji zote tisa za lazima ndo ijengeke. Anayekula samaki na mayai anazo tayari. Ni kununua matofali ya ukuta mmoja tu ukitaka nyumba nzima.

Ile ya kunywa protini usiku ina ukweli wake. 2012 watafiti Uholanzi waliwapa vijana gramu 40 za kasini, protini ya maziwa, kabla ya kulala baada ya mazoezi ya jioni, misuli ikajengeka zaidi usiku. Kama jumla ya siku umeshaifikisha tofauti ni ndogo, lakini glasi ya maziwa ama mtindi usiku ni desturi nzuri, endelea nayo.

Kreatini ndo saplimenti moja ambayo nikiulizwa nasema ndio bila kusita. Ni akiba ya nguvu ya haraka ya misuli, mwili wenyewe unaitengeneza kutoka kwa asidi amino tatu, arginini, glisini na methionini, na iko kwenye nyama na samaki, ila upate gramu 5 utakula karibu kilo nzima ya nyama. Chukua kreatini monohaidreti ya kawaida, gramu 3 mpaka 5 kila siku, wakati wowote, pamoja na chakula, siku ya zoezi na siku ya kupumzika. Si steroidi. Wiki za kwanza mzani utapanda kilo moja ama mbili, usiogope, ni maji yanayoingia ndani ya misuli si mafuta, ndo maana wengi wanaiacha mapema wakidhani wananenepa. Kitu kimoja cha kujua: ukienda kupimwa figo mwambie daktari unatumia, manake kreatinini, taka inayopimwa damuni kujua hali ya figo, inapanda na karatasi inaweza kuonyesha kama figo zina shida wakati hazina. Mwenye figo mbovu tayari aulize kwanza.

Vidonge vya kunenepesha

Hapa nawaomba dada zangu hasa mnisikilize. Vile vidonge vinavyouzwa kwa pakiti ndogo za plastiki bila karatasi, vya kuongeza hipsi na mashavu, mara nyingi kinachofanya kazi ndani ni saiproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, steroidi ya hospitali. Saiproheptadini itakulaza, lakini unaamka mzito kichwa kimejaa. Deksamethasoni ndo mbaya zaidi, inajaza uso na tumbo huku inakula misuli ya miguu na mikono, inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa na usiku macho yanakataa kufunga. Mwili unaoupata si ule uliotaka. Na kama umeshazitumia kwa wiki nyingi usiziache ghafla leo, mwili umeshaacha kutengeneza steroidi yake, unaweza kuanguka. Nenda hospitali na pakiti mkononi, waambie ukweli, wakupunguzie polepole. Hakuna aibu hapo.

Mwezi wa Ramadhani

Usingizi unakatwa na daku, kwa hivyo ugawe: lala mara tu baada ya tarawehe, amka daku, swali alfajiri, halafu kama kazi inaruhusu lala tena kidogo mchana. Kreatini kunywa na futari ukiwa na maji ya kutosha. Protini igawe futari, baada ya tarawehe na daku, na daku weka mtindi ama mayai manake zinakaa tumboni. Zoezi fanya kabla kidogo ya futari kwa wepesi, ama baada ya futari kwa uzito, na hiyo poda ya kafeini mwezi huu iweke kabatini.

Vile utajua kitu kinakufaa

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukikaa nacho angalau wiki mbili tatu. Ukianza glisini, kreatini na magnesiamu siku moja halafu ukalala vizuri hutajua cha kushukuru, na ukiharisha hutajua cha kulaumu. Mzani pekee haukutoshi, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, siku ile ile ya wiki, na andika umenyanyua kilo ngapi. Kiuno kikishuka na vyuma vikipanda uko sawa hata kama mzani umegoma. Kiuno kimesimama na vyuma vinashuka, tazama usingizi kabla hujapunguza chakula tena.

Na wewe ambaye unalala masaa manane kamili lakini mkeo ama mumeo anakwambia unakoroma mpaka pumzi inakatika halafu unashtuka, na mchana unasinzia kwenye matatu, hiyo hakuna glisini wala melatonini itakayoitibu. Njia ya hewa inajifunga usiku, inaendana sana na shingo nene na kitambi, na inapandisha presha. Mwambie daktari maneno hayo hayo, nakoroma na pumzi inakatika, na kama anaweza kukurekodi kwa simu ukiwa umelala beba ile video umwonyeshe.